Kwa Jina la Mama Mapacha

Machi 3, Jumatatu

Mume wangu amesema nikiendelea kugombana na sufuria kila nikitoka kazini, ataanza kuzionea huruma sufuria. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Mtu mwenye hasira kama zangu anahitaji pa kuziweka, na daftari halijibu.

Mvua imeanza leo. Kwa wengine mvua ni habari ya miavuli na nguo zisizokauka. Kwetu wodi ya wanawake waliofanyiwa upasuaji, mvua ni habari ya mtandao. Ikinyesha tu, kompyuta ya pale mezani inalegea. Unaandika jina lako, unaandika neno lako la siri, kisha unabaki unakitazama kile kiduara kinavyozunguka, na huku mgonjwa wa dirishani anatapika. Hapo ndipo ulipozaliwa utaratibu wetu tunaouita kuwasha wodi. Anayefika wa kwanza asubuhi anaifungua mashine kwa jina lake, nayo inabaki wazi mpaka jioni. Wote tunaitumia hiyo hiyo, manesi, madaktari, hata yule bwana wa mazoezi ya viungo. Ukiifunga umekosa adabu. Ni kama kumfungia mlango mwenzako anayekuja nyuma na ndoo mkononi.

Mwashaji mkuu ni Mama Mapacha. Watoto wake wanamwamsha kabla ya jogoo, kwa hiyo hakuna anayemtangulia. Anasema kazini ndiko anakokuja kupumzika. Mimi ndiye kiongozi wa wodi, na kama kuna mtu ningependa kumdurufu wawe wawili, ni huyo.

Machi 5, Jumatano

Mvua. Wifi yangu kapiga simu, anataka nimwangalizie jirani yake aliyelazwa wodi ya pili, kama majibu yametoka. Nimemwangalizia. Yametoka, hana neno.

Machi 7, Ijumaa

Leo tumefundishwa usalama wa taarifa. Mwalimu wetu alikuwa fundi wa kompyuta wa hospitali, ambaye sisi tunamwita Bwana Waya kwa sababu hajawahi kuonekana bila waya begani. Alibandika karatasi ukutani: LINDA NENO LAKO LA SIRI. Kwa unyevu uliopo, kufika saa sita ilikuwa imeshaanguka nyuma ya friji ya dawa.

Madaktari hawakuja, walituma salamu. Watu wa maabara walikaa mstari wa mbele wakitikisa vichwa. Hao tunawaita wachoyo wa majibu. Wana kidirisha chenye nondo, na hawakuambii kitu hata kama damu iliyopimwa ni ya mama yako, mpaka uoneshe karatasi. Sisi manesi tulikaa nyuma tukila karanga.

Bwana Waya akasema, "Mimi nina swali moja tu. Kwa nini katika wodi yenu kuna mtu mmoja anafanya kazi tangu asubuhi mpaka jioni bila kwenda hata chooni?"

Mama Mapacha akanyoosha mkono. "Ni mimi. Nina bidii."

Tulicheka mpaka kikao kikavunjika. Bwana Waya hakucheka. Alikunja waya wake akaondoka, nami nikamwona mtu asiyejua maisha.

Machi 12, Jumatano

Amelazwa mwalimu wa shule ya msingi. Kaja na madaftari ya wanafunzi kwenye mfuko, na tangu apande kitandani anasahihisha kwa kalamu nyekundu. Alinisahihisha hata mimi, maana nilimwandikia tarehe ya jana kwenye kadi.

Kesho Bingwa anamtoa kizazi. Uvimbe ni mkubwa, hakuna njia nyingine. Bingwa ndiye daktari wetu wa upasuaji, na nikisema ni bingwa simviki kilemba cha ukoka. Ndiye aliyemfungua mama yangu tumbo wakati wengine wameshatuambia tumpeleke nyumbani akafie huko. Mama yangu leo anapalilia. Mtu huyo akiniambia nimbebee viatu nitavibeba.

Jioni Mwalimu aliniita nivute pazia.

"Sista, mimi nina mchumba. Harusi ni muhula ukifungwa. Anajua naumwa, lakini hili la kizazi nitamwambia mwenyewe, kwa mdomo wangu, nikishaweza kukaa wima. Naomba lisinitangulie."

Nikamwambia, "Mwalimu, hapa hakuna mdomo. Lala."

Machi 13, Alhamisi

Upasuaji umekwenda salama. Nimechoka.

Machi 16, Jumapili

Sijui nianzie wapi, kwa hiyo naanzia mlangoni.

Saa ya kutazama wagonjwa iliingia na mvua kubwa, watu wakajazana wodini wakitiririka maji. Katikati yao akaja mama mmoja wa heshima zake, na mfuko wa matunda. Akaenda moja kwa moja kwenye kitanda cha Mwalimu. Nilikuwa kitanda cha pili nabadilisha dripu, kwa hiyo nilisikia kila neno, na waliokuwa vitanda sita vya karibu walisikia pia.

"Pole, mwanangu," akasema. "Tumeambiwa yote. Wametoa kizazi chote. Basi usinyanyue ndoo, wala usibebe mzigo. Na habari za harusi tusizifanyie haraka. Unajua kijana wangu ni wa pekee, nami umri unakwenda, nataka wajukuu."

Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililonikata maini. Alisema kwa sauti ya mtu aliyekuja kufariji.

Mwalimu aliiweka kalamu chini. "Mmeambiwa na nani, mama?"

"Si ni watu wa hapa hapa hospitalini."

Mama yule aliweka matunda, akambariki, akaondoka. Mwalimu akageuka akanitazama mimi. Hakulia.

"Sista," akasema, "uliniambia hapa hakuna mdomo."

Nikamaliza dripu, nikatoka. Nimefika nyumbani, nimeosha sufuria zilizokuwa safi.

Machi 18, Jumanne

Mwalimu amelalamika kwa Katibu wa hospitali, na amelalamika sawasawa, kwa mpangilio, kama mtu aliyezoea kuandika ripoti za wazazi. Katibu akamwita Bwana Waya aitazame mashine. Mashine ikasema kwamba Ijumaa, siku iliyofuata upasuaji, mchana, faili la Mwalimu lilifunguliwa kwa jina la Mama Mapacha na likasomwa mpaka mwisho.

Basi, kesi imekwisha. Saa nane Mama Mapacha aliitwa, saa nane na nusu alirudi kuchukua mkoba. Amesimamishwa kazi mpaka kamati ya nidhamu ikae Aprili 4. Anaweza kufukuzwa, na jina lake likapelekwa kwenye baraza la wauguzi, na akifika huko hakuna hospitali itakayomwajiri tena hata kupima joto.

Ijumaa mchana Mama Mapacha alikuwa anasukuma machela kwenda chumba cha upasuaji. Ninajua kwa sababu mimi nilishika upande wa pili. Nilimwambia Katibu hivyo. Akanijibu, "Sista, watu wanasahau. Mashine haisahau."

Machi 20, Alhamisi

Niliwakusanya wenzangu kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Nikasema, Ijumaa ile kila mmoja wetu alitumia jina la Mama Mapacha. Twendeni sote kwa Katibu tukaseme.

Mmoja akaanza kufunga kamba za viatu. Mwingine akasema ana kikohozi. Yule aliyekuwa anagawana na Mama Mapacha chakula cha mchana kila siku ya Mungu akasema, "Sista, mimi mume wangu hana kazi. Usituchomee."

Wahenga walisema mla nawe hafi nawe, na mimi nilidhani walisema ya watu wengine.

Machi 22, Jumamosi

Nimekwenda kwa Mama Mapacha kwa miguu, tope mpaka kwenye vifundo. Mapacha walinipokea kwa kunikalia, kila mmoja paja lake. Mama yao alikuwa ametulia mno, nami namfahamu, akitulia hivyo ujue amekata tamaa.

"Dada, wameniambia nikikiri mwenyewe hawatanipeleka barazani. Nitafukuzwa tu. Angalau nitaweza kutafuta kazi kwenye zahanati."

"Utakiri kitu usichofanya?"

"Sasa nimtaje nani? Wodi nzima? Nikiwataja wote nimewaua wote, na sijui hata aliyefanya. Pasiwedi nilitoa mwenyewe, dada. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole."

"Mimi pole nakwambia," nikasema, "na kukiri hukiri. Ukikiri nitakuja hapa kila Jumamosi niwafundishe hawa watoto wako kupiga ngoma."

Akatabasamu kidogo. Nilirudi na mvua kichwani huku najisemea barabarani, na watu walinipisha njia.

Machi 24, Jumatatu

Nimeamua. Wakubwa wanasema kanuni ni kanuni, kila jina na mwenyewe. Vizuri, watapewa kanuni mpaka waikinai.

Kuanzia leo wodi haiwashwi. Kila mtu anafungua mashine kwa jina lake, anafanya shughuli yake, anafunga. Nimesimama pale mezani mwenyewe kama askari wa mlangoni. Manesi waliguna. Bwana wa mazoezi aliuliza kama nina mgogoro nyumbani. Mvua ilinyesha kutwa na kiduara kikazunguka kutwa, na raundi ya madaktari ambayo humalizika kabla ya chai ilimalizika watu wanapiga miayo ya njaa.

Nimeitwa majina leo. Mengine nimeyapenda.

Machi 26, Jumatano

Leo Bingwa alirudi kutoka safari, akaja kwenye mashine kama kawaida yake, akaikuta imefungwa.

"Sista, nifungulie."

"Fungua kwa jina lako, daktari."

Alinitazama kwa upole, kisha akaitazama keyibodi. Akaandika kitu. Mashine ikakataa. Akaandika tena. Ikakataa tena. Wanafunzi wake wawili wakawa wanasoma ukuta.

Akaitwa Bwana Waya. Akaja na waya wake begani, akakaa, akabonyeza mara mbili tatu, kisha akaniangalia mimi badala ya kumwangalia daktari.

"Jina lako lipo, daktari," akasema. "Ila halijawahi kutumika. Neno la siri la kuanzia, lile tulilokupa siku mfumo unawekwa, hujalibadilisha. Hujawahi kuingia."

"Mimi?" Bingwa akacheka. "Mimi natumia mashine hii kila siku."

"Ndiyo, daktari. Lakini si wewe."

Nilimkimbilia Bwana Waya koridoni. Nikamuuliza, na madaktari wengine wa wodi yetu? Akasema hakuna hata mmoja aliyewahi kuingia, tangu mashine iletwe. Nikamuuliza kwa nini hakumwambia Katibu. Akasema, "Nilimwambia, dada. Nikaambiwa nibandike karatasi."

Nimemkosea sana huyu bwana. Kumbe alikuwa anajua maisha kuliko sisi, tena peke yake.

Machi 27, Alhamisi

Naandika polepole leo.

Bingwa alikuja asubuhi, ameshapata neno lake la siri, amelinakili kiganjani kwa kalamu. Akalichapa, kiduara kikaanza. Kwa kuzugazuga wakati tunasubiri, akaanza kulalamika. Si ugomvi, manung'uniko tu ya mtu aliyecheleweshwa.

"Zamani mtu akinipigia simu namwangalizia sekunde hiyo hiyo. Juzi juzi hapa jirani yangu aliniuliza habari za mkwewe. Nikasimama hapa hapa na simu sikioni, nikamsomea, na ushauri nikampa juu, asimruhusu kunyanyua ndoo. Leo angesubiri mpaka akate simu."

Niliposikia ndoo nikamkumbuka yule mama wa matunda.

"Daktari. Mkwewe yupi?"

"Yule mwalimu wa kizazi."

"Daktari, hiyo ndiyo siri iliyovuja. Mama Mapacha yuko nyumbani kwa sababu yako."

Aliniangalia kama mtu anayesikia lugha ngeni. "Siri gani, Sista? Siri ni umbea, ni kuuza habari za watu. Mimi niliongea na mtu mzima, mzazi. Familia ikijua, mgonjwa anasaidiwa. Ndivyo tulivyofanya kazi miaka yote."

"Ulimwomba ruhusa nani?"

"Mimi ndiye niliyemfanyia upasuaji. Niombe ruhusa kwa nani?"

"Kwake," nikasema.

Kiduara kikaacha kuzunguka, mashine ikafunguka, na hakuna kati yetu aliyeitazama. Nikamwambia, "Wewe ni mjumbe wa kamati. Waambie." Akasema atalifikiria. Akaondoka, akaacha mashine wazi. Nikaifunga mimi.

Nimelia kwenye stoo ya mashuka. Angekuwa mtu mbaya ningejua pa kumshika. Huyu ni mtu mwema aliyefanya ubaya akiwa na nia njema, na sasa wema wake wenyewe unamzuia kuuona. Sikujua kama mtu anaweza kumchukia na kumshukuru mtu mmoja kwa wakati mmoja. Anaweza.

Machi 28, Ijumaa

Wifi kapiga simu. Nimwangalizie shemeji wa rafiki yake. Nikamwambia siangalizii mtu tena. Akauliza kama cheo kimenipanda kichwani. Nikamwambia hapana, wifi, aibu ndiyo imepanda. Sijafanya tofauti na Bingwa hata kidogo. Nyani haoni kundule, na mimi langu nimelikalia miaka.

Machi 31, Jumatatu

Siku mbaya. Mvua ya tangu alfajiri, mtandao umekufa kabisa kwa muda, na mgonjwa wa kitanda cha nne akaanza kutoka damu. Nesi wa zamu alihitaji kujua kundi la damu na dawa inayomdhuru, na yote yamo kwenye mashine, na mashine imefungwa kwa amri yangu. Alisimama pale anachapa jina lake, anakosea, anaanza upya. Nilikimbia kwenye kidirisha cha wachoyo wa majibu. Wakatazama karatasi yao, wakanipa kundi la damu papo hapo bila maneno. Mgonjwa yuko salama.

Lakini yule nesi aliniambia mbele ya wote, "Sista, kanuni yako ingemuua mtu leo," na sikuwa na la kumjibu kwa sababu ni kweli. Watu hawakuwasha wodi kwa uvivu. Waliwasha ili wasimwache mgonjwa. Ukitaka kuziba ule mlango ni lazima ufungue mwingine.

Nikaenda kwa Bwana Waya nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sisi hatukumfanyia.

Aprili 2, Jumatano

Bwana Waya amefufua kompyuta mbili kuukuu kutoka stoo, moja kaiweka karibu na chumba cha upasuaji, nyingine kando ya vitanda vya wagonjwa mahututi. Amevuta waya mpya unaopita mbali na paa linalovuja, kiduara sasa kinazunguka kidogo tu kisha kinatulia. Na kwa kila mgonjwa tumetundika kitandani kadi ya rangi kwa yale ya dharura, kundi la damu na dawa inayomdhuru, basi. Manesi wameacha kuguna. Yule aliyenikaripia ameniletea chai.

Bingwa hajanisemesha tangu Alhamisi. Kamati ni keshokutwa.

Aprili 4, Ijumaa

Kikao kilikuwa kwenye chumba cha mikutano, meza ndefu, madirisha yamefungwa kwa mvua na joto limejaa. Katibu kiti cha mbele. Mama wa utumishi na karatasi zake. Mkuu wa maabara. Na Bingwa, kwa niaba ya madaktari, ameketi na miwani mkononi. Mama Mapacha aliwekwa ule upande mwingine peke yake. Alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, nadhani ndilo pekee lililokuwa kavu.

Katibu alisoma shtaka. Mashine inasema hivi, siku hii, jina hili. Akamuuliza Mama Mapacha kama anakiri. Mama Mapacha akanitazama, akasema hapana. Sauti ilimtoka ndogo lakini ilitoka.

Nikaomba nimuulize fundi maswali.

"Ijumaa ile, jina la Mama Mapacha lilifungua mafaili ya nani?"

"Ya wodi nzima," Bwana Waya akasema. "Mengine mara nne, mara tano."

"Na jina la daktari yeyote wa wodi yetu?"

"Hakuna."

"Mwezi ule wote?"

"Hakuna."

"Tangu mashine iletwe hospitalini?"

"Hakuna, dada. Hata mara moja."

Nikamgeukia Katibu. "Basi, mheshimiwa, kwa mujibu wa mashine isiyosahau, madaktari wetu wanapasua watu miaka yote hii bila kusoma faili la mgonjwa hata mmoja. Nadhani tuwaite wote barazani."

Mkuu wa maabara alishikwa na kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi.

"Sista, hapa si mahali pa mzaha," Katibu akasema.

"Sifanyi mzaha. Mkiiamini mashine kwa Mama Mapacha, iaminini na kwa madaktari. Mkisema madaktari walisoma kwa jina la mtu mwingine, basi mmeshakubali kwamba jina la Mama Mapacha si Mama Mapacha. Chagueni moja."

Nikaendelea, maana nikisimama nisingeweza kuanza tena. Nikasema sote tulitumia jina lile, na mimi kiongozi wao niliona nikaruhusu. Nikasema mimi pia nimewaangalizia watu wa nje majibu ya wagonjwa, wifi yangu shahidi, na sikuwahi kumwomba mgonjwa ruhusa. Kila kundi lina yake. Sisi manesi tunashirikiana neno la siri kama chumvi na kuona ndio undugu. Madaktari wanaona mgonjwa waliyemtibu ni wao, na habari zake ni zao. Maabara tunawatukana kwa uchoyo, kumbe ndio pekee waliokumbuka majibu ni ya nani.

Katibu akauliza lililobaki. "Haya. Kama si yeye, ni nani?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo wiki nzima. Nilimwona mama yangu akilini, akipalilia.

"Aliyefanya yumo humu ndani," nikasema. "Nampa nafasi aseme mwenyewe. Asiposema nitasema mimi, na Mungu anisamehe, kwa sababu nina deni kwake ambalo siwezi kulilipa."

Mvua ilikuwa inapiga dirisha. Bingwa alivaa miwani, akaivua tena.

"Ni mimi," akasema.

Katibu akawahi. "Daktari, labda tuahirishe kikao, tuzungumze kwanza pembeni."

"Usiahirishe. Andika." Alisema kwa ile sauti anayoitumia akiomba mkasi. "Jirani yangu alinipigia, nikakuta mashine wazi, nikasoma. Sikutazama hata limeandikwa jina la nani pale juu. Nilidhani nafanya wema. Nimelifikiria wiki nzima, na kila nikilifikiria natafuta namna ambayo lingebaki wema, sijaipata. Huyu mama hana kosa hilo. Nilijua tangu Alhamisi ya wiki iliyopita, nikanyamaza, na hilo ni kosa la pili. Liandike nalo."

Mama wa utumishi akaandika. Mama Mapacha alikuwa ameshika kingo za meza kwa mikono miwili. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema anaomba tu kujua kama Jumatatu aje kazini.

Aprili 8, Jumanne

Amerudi. Hukumu: Mama Mapacha onyo la maandishi kwa kugawa neno la siri, mimi onyo la maandishi kwa kuacha ligawiwe, Bingwa kuondolewa kwenye kamati, onyo, na kumwomba radhi Mwalimu ana kwa ana. Manesi wanasema Bingwa kapewa adhabu ya shingo upande, angekuwa nesi angeshafukuzwa. Sibishi, wanasema kweli. Lakini leo daktari mmoja mmoja alipita kwa Bwana Waya kuchukua neno lake la siri, foleni ikafika mlangoni, na Bwana Waya alikuwa na uso wa mtu aliyeoa.

Yule wa kugawana chakula kamletea Mama Mapacha bakuli zima. Mama Mapacha amelipokea. Mimi nisingelipokea.

Aprili 11, Ijumaa

Mwalimu karuhusiwa kwenda nyumbani. Kabla hajatoka Bingwa alikuja kumwomba radhi, kavuta pazia mwenyewe. Nilisikia sauti ya Bingwa tu. Alipotoka nilimuuliza Mwalimu kamjibu nini. Akasema, "Nimemwambia nimemsikia. Kusamehe hakujafika, kukifika nitamjulisha." Mchumba anampigia simu kila siku. Atapokea, anasema, siku akiwa na la kumwambia, na litatoka kwake.

Nimemwomba radhi na mimi, kwa ule mdomo niliomwahidi haupo. Alinishika mkono, akaubana.

Aprili 15, Jumanne

Mvua. Hakuna jipya. Nimeipenda siku hii.

Aprili 25, Ijumaa

Mvua imepungua, inanyesha vipande vipande. Leo Mwalimu alirudi kuangaliwa kidonda.

Nilimwambia anaweza kuonwa na daktari mwingine, nimeshapanga. Akafikiri kidogo akasema hapana, aje yule yule. Kidonda anakijua yeye.

Bingwa alikuja akasimama mbele yake kama mtu aliyeitwa ofisini. "Mwalimu," akasema, "naomba ruhusa nifungue faili lako."

"Fungua."

Akakaa kwenye mashine. Huchapa kwa kidole kimoja, herufi moja, anatafuta, herufi nyingine. Ningeweza kumfungulia kwa jina langu kabla hajamaliza nusu, na Mama Mapacha aliyekuwa kando yangu pia, na nilimwona mkono ukimcheza. Tulitia mikono mifukoni, sote wawili. Kwenye benchi la koridoni walikaa wagonjwa wengine wakisubiri zamu. Mlango ulikuwa wazi kwa sababu ya joto.

Faili likafunguka. Bingwa ana mazoea ya miaka, akisoma husoma kwa sauti ili wanafunzi wake wasikie. Akavuta kiti. "Mgonjwa wa kike, amefanyiwa upasuaji wa..."

"Daktari," Mwalimu akasema.

Akageuka.

"Soma kimoyomoyo."

Bingwa akafunga mdomo. Akainuka akaurudisha mlango, akakaa tena, na akasoma kimoyomoyo mpaka mwisho, midomo ikimtembea kidogo. Kisha akaifunga mashine kwa mkono wake, na ndipo akamuuliza anajisikiaje.